Bi Harusi wa Kanda ya Kumi na Saba

Mama Nzai anadai kwamba Damaris alifika kwake Jumatatu asubuhi, moto haujawashwa, amevaa viatu vya kufunga na kitambaa kipya kichwani. Anadai hakuketi. Alisimama pale penye rundo la majani ya mnazi, akamkabidhi kuku wake watatu wamefungwa miguu, akasema, "Mama, nitunzie hawa. Bi Harusi hakungoja kuitwa, na mimi singoji."

Mama Nzai anadai alimshika mkono akamwuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kakamega. Kwa mume wangu."

"Akacheka," anasema Mama Nzai. "Wallahi alicheka kama msichana aliyeposwa jana."

Hapo pa kucheka sina hakika. Mama Nzai akisimulia jambo, watu wote ndani yake hucheka au huzimia. Lakini kuku niliwaona kwa macho yangu, wamefungwa kwa kipande cha leso ya Damaris, ile ya korosho. Na hayo maneno ya Bi Harusi kutongoja kuitwa, Damaris hakuyatoa kichwani mwake.

Nilimpa mimi. Na mimi niliyatunga.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nirudie kidogo. Naitwa Kadzo, wa Kinondo, shule yangu iliishia darasa la nane. Hoteli niliyokuwa nikifulia mashuka ilifungwa baada ya zile fujo za Agosti mwaka jana, za kuwafukuza watu wa bara. Nikapata kazi Diani ya kumtunza Bibi, mama mzazi wa Mchina mmoja mwenye mkahawa. Bibi hajui Kiswahili, mimi sijui Kichina. Tangu asubuhi hadi adhuhuri tunatazama video, hadithi moja ndefu ya kanda thelathini. Kanda zinatoka kwao, zinapita kisiwani Morisi kwa mpwa wake, zinapita Mombasa kwa jamaa zao, zikifika Diani zimechakaa kama leso ya jikoni.

Alasiri mimi huzipeleka kwa mdomo hadi uani kwa Mama Nzai, tunaposhona makuti.

Wanawake wa pale wanaamini Bibi amenifundisha Kichina. Nyinyi nilikwisha kuwaambia ukweli: najua maneno kama ishirini. Njoo. Keti. Maji. Dawa. Inatosha. Mengine yote natazama nyuso.

Mliniacha sebuleni, mashine imeimeza kanda ya kumi na saba, utepe umemwagika nje kama matumbo ya samaki, na Bibi ameshika kichwa.

Sasa sikilizeni nilichokifanya.

Bi Harusi ni jina tulilompa sisi. Siku ya arusi yake askari walikuja wakamchukua mumewe vitani, yeye bado amevaa nguo nyekundu. Miaka saba anaishi na mama mkwe, anachota maji, anapigwa kwa ufagio, anangoja. Kukawa na daktari mmoja wa dawa za mizizi, mtu mpole, anayemtaka. Mwisho wa kanda ya kumi na sita daktari amesimama mlangoni, ameshika pete.

Na Damaris je? Damaris ni mtu wa bara. Mumewe, Mathew, alikuwa mhudumu wa hoteli. Zile siku za fujo Mama Nzai aliwaficha wote wawili kwenye chumba cha nazi, siku tisa. Njia zilipofunguka Mathew akapanda basi la watu wa bara, akasema, "Nikipata pa kukaa nitakuita." Ikaja barua moja. Baada ya hiyo, kimya, mwaka na miezi mitatu.

Huku nyuma hoteli zikaanza kuamka, na mapaa yao yameoza. Hapo ndipo Chengo alipoingia uani kwetu. Chengo ni fundi wa kuezeka. Kila Jumamosi anakuja na mkokoteni kuchukua makuti yetu.

Jumamosi moja aliinua kuti nililolishona, akalitazama juani, akasema, "La Kadzo halivuji."

Basi. Maneno matatu. Niliyala wiki nzima.

Lakini Chengo alipomtuma dada yake kuja kuposa, aliyeposwa alikuwa Damaris.

Alhamisi ile nilifika uani sina kanda kichwani. Sijaketi, Mama Nzai ameanza.

"Kadzo, lete. Tulimwacha daktari mlangoni na pete yake. Mkono utamchoka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete."

Damaris alikuwa kwenye gogo lake, anakunja majani juu ya ufito, anapitisha sindano. Hakuinua macho.

"Dada yake Chengo anakuja kesho," akasema. "Anataka jibu."

"Na jibu lako ni lipi?" Mama Nzai akauliza.

"Nangoja kusikia huyu mwenzangu wa China ameamuaje."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambieni Kadzo aharakishe basi, tule pilau." Mimi nilikuwa naitazama mikono ya Damaris. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya jani.

Alikuwa hatanii.

Ningeweza kusema kanda imeharibika. Ni sentensi fupi, hata mtoto huiweza. Lakini nilikuwa najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba daktari akipewa mkono leo, Chengo atapewa mkono kesho.

Nikafungua mdomo.

"Bi Harusi aliitazama ile pete," nikasema. "Akaichukua, akaiweka mezani. Akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye shuka. Mama mkwe akamwuliza, unakwenda wapi? Akasema, nakwenda kwa mume wangu. Sikuitwa, lakini singoji kuitwa."

"Ehe," akasema Mama Nzai.

"Akatembea siku nyingi. Akafika kwenye mto. Upande wa pili akamwona mwanamume amekonda, ndevu mpaka kifuani, anavunja mawe. Alikuwa ni yeye."

"Yu hai?"

"Yu hai. Vita viliisha zamani. Alikuwa harudi kwa sababu hana kitu. Alisema, nirudi kwako na nini, na mikono hii mitupu? Aliona haya."

Mama Nzai akajifuta uso kwa pindo la leso.

Damaris akaweka sindano chini.

"Kumbe ni haya," akasema, taratibu sana, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. "Mathew ndivyo alivyo. Hata akikosa pesa ya sukari, hupitia njia ya nyuma."

Kesho yake dada yake Chengo alikuja, akapewa chai, akapewa na jibu. Chai hakuimaliza.

Usiku ule nililala usingizi mzuri. Hilo nalo nalikiri.

Jumamosi nilimpeleka mama yangu Msambweni kutibiwa mguu. Foleni ndefu, benchi moja. Kando yetu alikuwepo mama mmoja mnene wa Majoreni, simjui hanijui, anawasimulia wenziwe.

"Basi yule mwanamke wa China akauvuka mto na nguo zake. Maji yamemfika hapa. Mume akajitosa akambeba mgongoni, wanalia wote wawili."

"Hayo nani amekuambia, mama?" nikauliza.

"Si kuambiwa, mwanangu. Ni mambo ya kwenye video. Kuna msichana huko Kinondo, mdogo hivi, anajua Kichina kuliko Wachina."

"Amewavusha mto?"

"Kwani wewe hukusikia? Unaishi wapi?"

Mto ule niliuchimba mimi, Alhamisi, nimekaa juu ya kifuu cha nazi. Siku mbili tu, umetiririka hadi Majoreni, na watu wameshauogelea. Mama yangu akanigeukia akasema, "Hujanisimulia hiyo." Nikamwambia mguu wake uangaliwe kwanza.

Hapo nikaanza kukosa utulivu. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nasahau nilisimama kwa nini.

Jumatatu nikasikia habari za kuku. Nilikwenda mbio chumbani kwa Damaris, kule nyuma ya kisima. Kufuli. Jirani yake akasema amekwenda kanisani Ukunda kuaga, basi lake ni la Jumanne jioni, Mombasa kwenda bara.

Nilikuwa narudi nikamkuta Chengo amesimama njiani, mikono imejaa vumbi la makuti. Alikuwa ananingoja.

"Kadzo, hujambo?"

"Sijambo, kaka Chengo."

"Nina haja na wewe. Usinicheke."

Nikaifunga leso yangu vizuri. Nilijiambia, umeona? Mlango mmoja umefungwa, mtu amegeuka ameuona mwingine.

"Sikucheki," nikasema. "Sema."

"Ile hadithi yako. Kanda zimebaki ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Basi zinatosha kumrudisha."

"Kumrudisha nani?"

"Bi Harusi. Mrudishe kwa daktari."

Nilimtazama usoni kuona kama ana mzaha. Hakuwa na mzaha. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajala.

"Kaka Chengo, hadithi si yangu. Ni ya kanda."

"Najua. Lakini wewe ndiye unayeileta. Kuna mto, kuna njia, kuna siku nyingi za kutembea. Hapo katikati hapakosi neno la kuongeza." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Unamkumbuka Cornelius, mpishi, yule rafiki yake Mathew? Amerudi kazini wiki iliyopita. Alikuwa Kakamega. Amemwona Mathew."

"Anavunja mawe?"

"Mawe gani? Ana duka la baiskeli. Ana nyumba ya mabati. Ana mke humo ndani, na mtoto mchanga."

"Mwambie Damaris," nikasema. "Leo. Basi lake ni kesho."

"Nimwambie mimi? Mwanamume niliyekataliwa Ijumaa, Jumatatu nije na habari kwamba mume wa mtu ameoa? Ataniona namchongea mwenzangu. Hata mimi ningeniona hivyo."

"Cornelius amwambie."

"Hataki. Anasema walikula sahani moja na Mathew, hawezi kuwa yeye wa kuivunja nyumba yake. Nimembembeleza hadi amenikasirikia." Akaupangusa uso, vumbi likabaki kwenye nyusi. "Lakini kanda haina ugomvi na mtu. Mtu akilisikia jambo kwenye hadithi hulichukua mwenyewe, polepole, na hana wa kumlaumu. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotuambia mambo. Mfikishe Bi Harusi pale mtoni, amkute mumewe ana mke mwingine. Basi. Damaris si mjinga, ataelewa."

Halafu nikauliza lile ambalo sikupaswa kuuliza.

"Unampenda hivyo?"

Akatazama mikono yake.

"Makuti yake ndiyo mabaya kuliko ya wote pale uani," akasema. "Anashona kama anakimbizwa. Lakini mimi nayatenga, nayapanga upande mmoja wa paa, ule wa baharini. Yakivuja naitwa kuyatengeneza. Napata kuyashika tena."

La Kadzo halivuji. Sasa nililielewa neno lile lilikuwa na uzito gani. Lilikuwa ni neno la fundi.

"Nitaona," nikamwambia.

"Usione, dada. Fanya."

Jioni ile nilikwenda tena kwa Damaris mara mbili. Mara zote kufuli. Nilipanga maneno ya kumwambia, nikayapangua. Nikimwambia ya Cornelius, ataniuliza nimeyapata wapi, nami nitasema kwa Chengo, na hapo hapo yatakuwa uongo wa Chengo. Nikimwambia mto niliutunga, ataniuliza kwa nini, na jibu la hiyo kwa nini lilikuwa na jina, Chengo.

Jumanne asubuhi nikafika kazini macho mekundu. Bibi alikuwa ameketi tayari mbele ya televisheni, amechana nywele, anapiga kofi kiti changu. Mkaza mwanawe, mke wa yule Mchina, alikuwa amerudi kutoka Mombasa na kanda ya kumi na saba. Fundi ameifungua, amekata pale palipotafunwa, ameunga kwa gundi, ameirudisha imefungwa kwenye gazeti.

"Njoo," Bibi akasema kwa Kichina chake. "Keti."

Nikaketi.

Daktari amesimama mlangoni na pete. Bi Harusi anaitazama. Hadi hapo nilikuwa sijadanganya.

Halafu nyuma ya daktari likaonekana gari la ng'ombe. Akashuka mwanamume, hana ndevu, amevaa vizuri, koti lina manyoya shingoni. Bi Harusi akaachilia ndoo, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vya daktari. Ni yeye, mume. Amekuja mwenyewe, hakufuatwa na mtu. Hakuna mto popote.

Na mkononi ameshika mtoto wa kike, wa kimo cha meza.

Kwenye gari mwanamke mwingine ameketi, amefunika nusu ya uso, anatazama chini.

Yule mwanamume akaanza kusema. Alisema sana. Bi Harusi alimsikiliza bila kupepesa macho. Katika maneno yale yote nilishika matatu. Njoo. Maji. Inatosha.

Bibi alikuwa analia. Lakini machozi ya Bibi hayana habari yoyote ndani yake, kwani hulia hata watu wakila vizuri kwenye karamu.

Mtoto anaweza kuwa wake. Anaweza kuwa wa ndugu yake aliyefia vitani, na yule mwanamke ni mjane anayemsindikiza kwao. Ningekuwa uani ningewapa lolote kati ya hayo, na wangelimeza, na mama wa Majoreni angelitia chumvi. Mwaka mzima ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilitaka kujua hasa anasema nini.

Nikamgusa Bibi bega. Nikamwonyesha mtoto, nikaonyesha yule mwanamume, nikafungua viganja. Wake?

Bibi akanijibu kwa maneno mengi, kwa upole, huku akinipapasa mkono. Sikushika hata moja.

Ndipo mlango wa nyuma ukabishwa.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Damaris.

Alikuwa amevaa kitambaa kile kipya, viatu vile vya kufunga. Begi moja, na kapu lenye nazi mbili za kumpelekea mama mkwe. Mkwe wake hajawahi kuiona bahari, aliniambia, basi angalau anywe dafu. Nikamwambia zile si dafu tena, zimekomaa. Akasema, "Kwani yeye atajua?" Na sasa alicheka kweli, kwa hiyo Mama Nzai nimemsingizia.

"Dada Damaris, nimekutafuta jana kutwa."

"Nilikuwa naaga. Watu wa kanisa hawakuachilii mpaka wamekuombea wote, mmoja mmoja." Akanong'ona, "Bibi yuko? Ataniruhusu niingie? Mimi nakwenda mbali, Kadzo. Nataka nimwone uso tu, yule Bi Harusi. Mwaka mzima nashona naye, sijawahi kumwona."

Ningemwambia Bibi amelala. Televisheni ilikuwa inasikika mpaka jikoni.

Ningemwambia hapo hapo kila kitu. Nilifungua mdomo.

"Dada, kabla hujaingia..."

Lakini Bibi alikwisha kuja mwenyewe, anaburuta malapa yake. Akamwona mgeni na begi na nazi mbili. Akafurahi kama mtu aliyeletewa ndugu. Akampokea kapu, akakipangusa kiti, akammiminia chai kwenye kikombe kisicho na mkono. Alipoona mgeni anaikodolea macho televisheni, akaelewa. Akabonyeza kitufe, picha zikakimbia kinyumenyume, maji yakarudi kwenye ndoo, mume akapanda gari kwa mgongo, akapotea.

Mgeni hatazami hadithi katikati. Hiyo ni adabu, hata kwao.

Picha ikaanza tena.

"Ndiye huyu?" akasema Damaris.

"Ndiye."

"Mbona mdogo. Nilidhani ni mtu mzima kama mimi." Akainama mbele. "Na huyu ndiye daktari wetu. Uso wake mzuri, masikini. Hiyo ndiyo pete?"

"Ndiyo."

"Sasa ataiweka mezani."

Bi Harusi hakuiweka mezani. Likaja gari la ng'ombe. Ndoo ikaanguka. Damaris akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepotea njia lakini bado hajakubali. Mume akasimama mlangoni na koti lake la manyoya. Mtoto akamshika mguu. Kamera ikamwendea yule mwanamke aliyefunika nusu ya uso, ikakaa pale.

Tabasamu la Damaris likaondoka.

Bibi, ambaye hajui Kiswahili, alimtazama mgeni wake, akaona kitu, akabonyeza kitufe. Picha ikasimama. Mwanamume akabaki mdomo wazi.

"Kadzo," akasema Damaris, bila kunigeukia. "Habari ya mtoto hukutuambia."

"Sikuwaambia."

"Na mto uko wapi?"

Nikamwonyesha lile gazeti lililofungiwa kanda.

"Hii ndiyo ya kumi na saba?"

"Ndiyo hii, dada. Ilikuwa imeharibika. Imerudi leo."

Niliona neno hilo linavyoshuka ndani yake, hatua kwa hatua. Imerudi leo. Basi Alhamisi ilikuwa nini. Nilingoja anitukane. Hakunitukana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mimi sina nafasi ya kugombana," akasema. "Basi linatoka saa moja. Kuku nimeshatoa. Chumba nimekabidhi ufunguo. Chengo nimemvunja moyo mbele ya dada yake. Uliyoyasema Alhamisi tutayazungumza siku nyingine, Mungu akitupa. Sasa nataka moja tu."

Akaliweka begi magotini.

Bibi alikuwa ananitazama pia. Alinionyesha Damaris kwa kidevu, akaonyesha machozi ambayo yalikuwa yameanza, akafungua viganja vile vile nilivyomfungulia mimi dakika chache kabla. Ana nini huyu?

Nilikuwa katikati yao. Huyu ananiuliza kwa Kiswahili, yule ananiuliza kwa mikono.

Nikisema mtoto ni wake, Damaris haendi Kakamega. Chengo atapata mke, na mimi nitakuwa nimesema neno nisilolijua, safari hii kwa faida ya mtu mwingine. Nikisema mtoto ni wa ndugu yake, atapanda basi, na huko mwisho wa njia kuna nyumba ya mabati, na kitoto kinanyonya. Na nikisema ule ukweli wangu, kwamba sijui Kichina, sikuwahi kujua, basi kanda zote kumi na sita zitaanguka siku moja, na ya Cornelius yataanguka pamoja nazo. Mtu aliyedanganywa mwaka mzima, nani atamwambia jambo la kumi na saba akaamini?

"Anamwambia nini mkewe?" Damaris akauliza. "Huyo mtoto ni wa nani? Na huyo kwenye gari?"

"Usinipambie, mdogo wangu. Usinionee huruma. Nitafsirie kama anavyosema, neno kwa neno, na hilo utakaloniambia ndilo nitakalokwenda nalo."